Nauli ya Kurudi Nyumbani: Mwombaji na Mpita Njia Jijini Nairobi

Neno ombaomba limeundwa kwa uradidi. Kitenzi omba kimerudiwa, na kama ilivyo kwa vitenzi vingine vingi vinavyoradidiwa, maana yake imeelekea kwenye tendo lisilokoma: mtu aombaye leo, kesho na keshokutwa, hata kuomba kukawa ndiyo kazi yake. Kitenzi hicho hicho kinapotumiwa msikitini au kanisani huwa cha heshima kuu. Mja humwomba Mola wake mchana na usiku, wala hakuna amwitaye ombaomba. Yamkini ndiyo maana mkazi wa Nairobi aliyepiga magoti alfajiri akiomba riziki huona kero, saa mbili baadaye, anaponyoshewa kiganja mbele ya jengo la Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka katika barabara ya Moi.

Aliyekaa jijini kwa muda atakubali kwamba wanaoomba si kundi moja. Wako wasiosema neno: kipofu aliyeketi ukutani na kopo lake, au mtu mwenye ulemavu wa miguu aliyewekwa hapo asubuhi na atakayeondolewa jioni. Sarafu hutumbukia koponi na shughuli huishia hapo. Yuko mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine wa miaka mitatu au minne, ambaye hutumwa kumkimbilia mpita njia na kumshika kidole. Wako vijana wa mitaani wenye chupa za gundi midomoni, ambao katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walivumishwa sana kwa kumtishia mtu kumpaka kinyesi asipotoa. Yuko mhubiri wa matatu ambaye huanza kwa sala, akahubiri kwa umbali wa vituo vitatu, kisha akapitisha mkono. Yuko pia mwenye karatasi ya daktari iliyochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

Katika orodha hii haingekuwa haki kumsahau askari wa trafiki asimamishaye matatu kando ya barabara. Naye ni mtu baki kwa dereva, naye huomba mahali pa hadhara, na msamiati wake haujatengana sana na wa yule aketiye ukutani: kitu kidogo, ya chai. Ila yeye hanyimwi.

Anayetatiza zaidi ni mwombaji wa hadithi. Huyu haketi chini. Amevaa shati safi, pengine na koti, na kalamu imechomekwa mfukoni. Humjia mtu kwa ubavuni, kwa sauti ya chini, na hutangulia kuomba radhi: “Samahani ndugu yangu, mimi si mwizi, wala si mtu wa kuombaomba.” Kisha husimulia. Ametoka Kitale kuja kwenye mahojiano ya kazi na amenyang'anywa mkoba. Ama amefunguliwa gerezani asubuhi hiyo na hana nauli ya kufika kwao. Ama amemleta mtoto hospitalini na dawa imemshinda. Masimulizi haya yana muundo ambao mwanafunzi wa fasihi simulizi ataubaini upesi. Kuna fomula ya kufungulia, kuna mahali pa mbali panapotajwa kwa jina, kuna mkasa, na mwishoni kuna kiasi cha pesa kinachotajwa kwa uhakika wa ajabu. Haombi shilingi mia mbili. Huomba mia moja na themanini, kwa kuwa mia tatu na ishirini tayari anazo. Ni fanani anayeisoma hadhira yake vilevile: mwenye tai huitwa mkubwa, mwanamke wa makamo huitwa mama, na mwanafunzi aliyebeba vitabu huitwa profesa, jambo ambalo wanafunzi wengi hawajapata kuitwa na mtu mwingine yeyote.

Majuma mawili baadaye, fanani yuko pale pale na bado ametoka Kitale. Aliyempa mara ya kwanza hupita akitazama mbele, akijihisi mjinga. Shilingi 180 ni fedha ya kuhesabiwa kwa mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa HELB, na kupotea kwake kunauma. Lakini yupo mtu wa tatu anayehasirika zaidi, ambaye wakati huo hayupo pale wala hajui kwamba ameguswa. Ni yule atakayeibiwa kweli mwezi ujao, akiwa kweli ametoka Kitale. Atakaposimama kando ya barabara hatakuwa na maneno mengine ya kutumia ila yale yale: nimeibiwa, sina nauli, mimi si mtu wa kuombaomba. Mwongo ameyatumia mpaka yamechujuka, na lugha haina akiba ya maneno mengine iliyowekewa wasema kweli. Hata machozi hayamsaidii, maana nayo yamekwisha kutumiwa.

Kwa upande wa mpita njia, jibu la kawaida ni neno moja: sina. Linastahili kutazamwa kidogo. Kiambishi cha ukanushi kipo, nafsi ipo, na ile -na ya umilikaji ipo, lakini kitu kisichomilikiwa hakitajwi. Anayeambiwa hujijazia mwenyewe. Pengine hana pesa, pengine hana za kumpa yeye, pengine hana muda. Kwa ufinyu huo wa maelezo, neno hili humwezesha mwenye noti ya elfu moja mfukoni kukataa bila kujiona amesema uwongo. Sikupi, ambalo ndilo neno lenye ukweli, halisikiki barabarani hata mara moja. Wenye aibu zaidi hujitia kuzungumza na simu isiyokuwa na mtu upande wa pili. Katika miji ya pwani mwenye duka huweza kukataa kwa dua, akamwambia mwombaji kwamba Mungu atampa, na hivyo ombi likapelekwa mbele kwa aliye na uwezo zaidi. Zamani ilitosha pia kusema huna chenji. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi mwaka wa 2007, ngao hiyo imetoboka. Mwombaji wa hadithi ana simu, na nambari yake huisema taratibu, tarakimu kwa tarakimu, ili isikosewe.

Serikali nayo imekuwa na majibu yake. Sheria ya uzururaji iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ilifutwa mwaka wa 1997. Mwaka wa 2003 serikali mpya ya NARC iliziondoa familia nyingi katika mitaa ya Nairobi, baadhi ya vijana wakapelekwa kufunzwa kazi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na ukaundwa mfuko wa kuzirekebisha familia za mitaani. Kwa muda mfupi katikati ya jiji palitulia. Hesabu ya kitaifa iliyofanywa mwaka wa 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Bila shaka si wote hao waombao, na wengi waombao wana mahali pa kulala, hivyo takwimu hizo haziwezi kumwelekeza mtu aliyeshikwa kidole na mtoto saa moja ya jioni.

Na mtoto ndiye fumbo gumu kuliko yote. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001, na ile ya mwaka wa 2022 iliyochukua nafasi yake, zote zinamhesabu mtoto apatikanaye akiomba kuwa anayehitaji matunzo na ulinzi. Mwaka wa 2022 shirika la habari la BBC lilitangaza filamu ya uchunguzi kuhusu watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania na kuletwa kuomba katika barabara za Nairobi, huku pesa zikiishia mikononi mwa waliowaleta. Baada ya habari kama hiyo, sarafu ya shilingi 20 inaweza kuwa mshahara wa mtu aliyeketi ng'ambo ya barabara akihesabu. Lakini kutotoa hakumrudishi mtoto kwao. Hurudi kwa huyo aliyeketi, mikono mitupu, na kitakachompata huko mpita njia hatakiona. Wasemao kwa urahisi kwamba dawa ni kutowapa kabisa wamelifikiri jambo hili nusu.

Wapo waandishi waliolitazama suala hili kwa upande wa mtoaji. Aminata Sow Fall wa Senegal, katika riwaya yake La Grève des bàttu ya mwaka wa 1979, alibuni mji ambao ombaomba wake, baada ya kufukuzwa barabarani kwa ajili ya kuupendezesha, wanagoma. Wanaketi kwao na kukataa kuomba. Muda si muda mkubwa aliyewafukuza anaagizwa kugawa sadaka kwa maskini ili apate cheo, naye anazunguka na nyama yake asipate wa kumpa. Ni kinaya kitakachoeleweka mara moja na yeyote aliyeona milango ya misikiti ya Mombasa siku ya Ijumaa, ambapo mwombaji na mtoaji wote wawili wamefika kwa miadi. Pale hakuna hadithi inayosimuliwa. Mtoaji hamhoji mtu, kwa kuwa sadaka imehesabiwa kuwa deni lake yeye kwa Mungu.

Jambo jingine katika mafundisho hayo ya zaka lafaa kuangaliwa. Miongoni mwa makundi manane yanayotajwa katika Kurani kuwa yanastahili zaka, sura ya 9 aya ya 60, limo la msafiri aliyekatikiwa njiani. Hakuwekwa pamoja na mafukara. Huenda kwao ni tajiri, ila hapo alipo hana kitu, na hilo linatosha. Bara nako, katika jamii nyingi, mpita njia mwenye njaa aliruhusiwa kula shambani mwa mtu asiyemjua, mradi asibebe. Mtu aliyekwama mbali na kwao alikuwa na jina na nafasi yake. Jijini nafasi hiyo imechukuliwa na fanani wa Kitale.

Siku moja mzee mmoja alikuwa amesimama karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, kofia mkononi. Alikuwa ametoka kumtazama binti yake aliyelazwa, na ndani ya matatu iliyomleta mjini akaibiwa simu na pesa. Alikuwa ameomba tangu saa nne. Alijua kuomba vibaya. Alianza na ugonjwa wa binti, akarudi nyuma kwenye mvua zilizokosa kunyesha, akasahau kutaja kiasi, na waliosimama kumsikiliza waliondoka kabla hajafika kwenye wizi. Mpaka saa tisa alikuwa amepata shilingi 60, ambazo alikuwa amezishika kiganjani bila kuzitia mfukoni.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kwa Kikamba anatoka wapi. Mzee akasema ng'ambo ya Mwingi, kwenye njia ya Kyuso. Akaulizwa jina la chifu. Akalitaja. Akaulizwa siku ya soko, na shule iliyo karibu na soko, na mto upitao chini ya shule hiyo kama una maji wakati huu wa mwaka. Mzee alijibu yote, mwanzoni kwa bashasha ya mtu aliyepata wa kwao, halafu taratibu zaidi, alipotambua kwamba yuko kwenye mtihani. Lau angekuwa ametoka Lodwar, mwanafunzi hangekuwa na swali la kumwuliza, na mzee angebaki pale na shilingi zake 60.

“Twende, baba,” mwanafunzi akasema.

Hakumpa pesa mkononi. Alimpeleka hadi kwenye basi la Mwingi, akamlipa utingo shilingi 500 na kumwonyesha mahali abiria atakaposhukia. Mzee alipoona noti ikipita mbele yake kutoka mkono wa kijana hadi mkono wa utingo, alinyamaza. Aliuliza tu aandikiwe nambari ya simu nyuma ya kadi ya hospitali, ili deni lilipwe. Mwanafunzi akasema hakuna haja. Mzee akanyosha ile kadi tena, na safari hii kijana akaandika.

Basi lilikuwa halijajaa. Mzee akakaa dirishani, kofia magotini. Mwanafunzi alisimama chini, mgongo umeegemea nguzo, akaaga mara moja na asiondoke. Wachuuzi wa maji na karanga walipita kati yao. Dakika arobaini zilipita hivyo, kijana akimtazama mzee na mzee akitazama kiti kilicho mbele yake, mpaka utingo akapiga ubavu wa basi, nalo likaanza kutoka.