Dizeli ya Kujifunzia

Mpwa wangu aliyeko Vwawa hutuma ujumbe wa sauti alfajiri, kabla hajanawa uso. Wa mwezi uliopita ulikuwa na jogoo nyuma yake: "Shikamoo mjomba. Leseni nimeshapata. Nitafutie kampuni inayochukua madereva wapya, inawafundisha semi huku inawalipa. Nasikia zipo."

Nilikuwa Chapwa, kwenye foleni ya kwenda mpakani, injini nimezima, nangoja chai ichemke kwenye mtungi mdogo wa gesi pembeni ya tairi. Niliusikiliza ujumbe mara mbili. Sauti ilikuwa yake, lakini maneno yalikuwa yangu ya mwaka 2014, wakati Tunduma bado iko mkoa wa Mbeya na mimi nina leseni mpya isiyo na kazi.

Mimi lilinipata tangazo. Lilikuwa karatasi iliyoanza kuliwa na jua, imebandikwa ukutani kwenye gesti moja karibu na stendi ya Tunduma: NAFASI ZA MADEREVA WAPYA, MAFUNZO YA KULIPWA. Ofisi ilikuwa ghorofani, ina meza, kalenda na binti wa mapokezi. Fomu Sh30,000. Vipimo vya afya Sh20,000, kwa daktari wao. Ada ya mafunzo Sh350,000, "utarudishiwa kwenye mshahara wa kwanza". Nikamuuliza binti, mbona tangazo linasema mafunzo ya kulipwa? Akanijibu bila kupepesa macho: "Aliyechapa alikosea herufi, kaka. Ni mafunzo ya kulipia."

Kweli ni herufi moja tu. Na mimi, mtoto niliyefaulu Kiswahili shuleni, nililikubali lile sahihisho. Sitajitetea: nililipa fomu na nililipa vipimo, Sh50,000 za kahawa ya baba. Ile ada niliahidi kuileta. Niliporudi baada ya wiki mbili mlango ulikuwa na kufuli jipya, na fundi cherehani wa jirani akaniambia nilikuwa mtu wa sita kuuliza asubuhi hiyo.

Nilichukia kwa muda mrefu. Hasira ilipopoa nikaanza kupiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyonifundisha kitu. Semi ikitoka Kongo na shaba hubeba karibu tani 30. Sisi wa Mbozi uzito tunaupima kwa Kimondo cha Ndolezi, lile donge la chuma lililodondoka kutoka angani ambalo watoto wa shule hupelekwa kupiga nalo picha. Mzigo wa semi moja ni kama vimondo viwili hivi, umewekwa mgongoni kwa mtu ambaye jana alikuwa anaendesha Noah ya shemeji yake. Mtu huyo akijifunza kuna vitu vinaliwa: klachi, tairi, dizeli, na siku za gari ambalo lingekuwa safarini linatafuta pesa. Lazima awepo anayelipa. Uongo wa ile ofisi haukuwa kwamba mafunzo yana bei. Uongo ulikuwa kwamba wana gari. Laiti ningeomba kuliona gari kabla ya kuiona fomu.

Shule niliyoipata baadaye haikuwa na mapokezi. Ilikuwa kiti cha kushoto cha Scania kuukuu, na kazi yangu iliitwa utingo.

Utingo anadharauliwa sana, hata na wapiga debe. Ndiye anayefunga na kufungua turubai, anayelala juu ya mzigo gari likilala pabaya, anayegonga tairi kwa nondo kusikiliza ipi imepungua upepo, anayepika, anayekimbia na makaratasi. Tajiri mwenye gari hakujua jina langu. Posho yangu ilitoka kwenye mileji ya dereva, yaani mfukoni mwa mtu aliyekuwa na watoto wake wa kusomesha. Alikuwa mzee mwembamba, hapendi redio. Naye alianza utingo, miaka ya 1970, kwenye Fiat.

Alipenda kusema barabara hii haikuwahi kungoja dereva aive. Alikuwa na haki. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta mafuta yake na shaba yake vinapita kwenye mikono ya watu wasioitakia mema, ikageukia Dar es Salaam. Reli ya TAZARA ilikuwa bado ndoto, bomba la mafuta la TAZAMA lilikuja 1968, na katikati hapo kazi ilifanywa na malori kwenye vumbi na tope, njia ambayo Wazungu waliiita ya jehanamu. Waliotakiwa kuyaendesha wangefundishwa wapi? Walifundishana. Aliyejua alimpakia asiyejua. Desturi ya utingo kwenye njia hii ilikomaa hapo, na mpaka leo, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini hadi Tunduma, wengi wetu tumesoma kwenye kiti kile.

Miezi minne ya kwanza sikugusa usukani. Nilidhani ananibania. Siku moja kwenye foleni, magari yamesimama tangu usiku, akanishusha na kuniambia nisimame nyuma ya tela nimwelekeze arudi nyuma. Nikapunga mkono kushoto, tela likaja kulia, mama lishe mmoja akahamisha sufuria zake kwa matusi. Nikapunga tena, likaharibika zaidi. Mzee akateremka, akachukua kiberiti na kipande cha sabuni, akaviunganisha kwa uzi na kuvisukuma juu ya bampa. "Angalia, dogo. Ukikata huku, mkia unakwenda kule. Usiamrishe kitu usichokijua kinavyosikia." Nilisukuma kile kiberiti wiki nzima, Nakonde, Kapiri Mposhi, Kasumbalesa, mpaka mkono ukaelewa kabla ya kichwa. Nilipokaa kwenye usukani mara ya kwanza, kurudi nyuma hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kuondoka.

Kushuka ndiko alikonifundisha kwa ukali. Pale Senjele, kwenye huu mkoa wetu, kuna mteremko ambao umezika watu wengi, na ukienda mbali zaidi kuna Kitonga. Madereva wa haraka huachia gari frii ili waokoe mafuta. Breki za upepo zikikanyagwa mfululizo ngoma zinapata moto, zikipata moto hazishiki, na hapo hakuna dua ya kozi fupi. Yeye alisimamisha gari juu kabisa, akanigeukia: "Gia utakayoshukia ichague ukiwa bado huku juu. Ukishaanza kushuka, gari halikupi nafasi ya kufikiri." Nimeyatumia maneno hayo kwenye mambo yasiyo na magurudumu, pamoja na ndoa.

Lakini somo ambalo sijawahi kulimaliza ni la dizeli.

Ilikuwa Igawa, usiku. Mzee amelala, mimi nalinda. Akaja kijana na madumu mawili na mpira. Wanaozijua barabara hawahitaji maelezo. Nilimpa lita 40, nikapokea pesa, nikajiambia ni posho ambayo tajiri hakunipa. Asubuhi mzee aliangalia geji, akaniangalia mimi, akawasha gari. Hakusema neno Makambako, hakusema Mafinga, hakusema Mikumi. Chalinze akaingia kituo cha mafuta, akajaza lita 40 kwa pesa yake ya mileji, akakunja risiti na kuiweka kwenye mfuko wa shati langu. "Hiyo nimekulipia mimi. Ni dizeli ya kujifunzia. Haina ya pili."

Nilidhani atanifukuza. Ningefukuzwa ningesahau. Risiti ile ninayo, wino umeshafutika, imebaki karatasi nyeupe.

Aprili 2015 tulikuwa safarini madereva walipogoma nchini, tarehe 10, mabasi yakalala Ubungo. Moja ya mambo yaliyowakera ni agizo la kuwarudisha darasani kila wanapohuisha leseni, ambayo wakati huo ilikuwa ya miaka 3, na ada watoe wao. Serikali ikaliondoa sharti hilo. Tarehe 4 Mei wakagoma tena, mikataba ya ajira ikiwa mbele. Wengi mtandaoni waliwacheka: dereva gani anakataa shule? Mzee, ambaye hakuwahi kuingia darasa la udereva, alilichukulia kwa uzito kuliko wachekaji. Alisema dereva hakatai kufundishwa. Anakataa kulipia peke yake kitu ambacho faida yake wanakula watatu: yeye, tajiri na barabara. Sijasikia mtaalamu aliyelisema vizuri zaidi, ingawa naweza kuwa na upendeleo.

Niliyesoma naye sekondari yuko Texas, anaendesha malori. Huko hilo analoulizia mpwa wangu lipo kweli, na lina jina na makaratasi. Tangu tarehe 7 Februari 2022 sheria ya Marekani inamtaka anayeomba leseni ya lori kubwa kwa mara ya kwanza apite kwa mkufunzi aliyesajiliwa. Kampuni moja ilimlipia shule, ikampa fedha ya kujikimu, halafu akasaini: mwaka mzima asiondoke, akiondoka kabla anadaiwa ada. Nilimwonea wivu. Akacheka. Akaniambia kuna siku alitaka kuacha kazi akiwa Nebraska kwenye theluji, akakumbuka deni, akaendelea kuendesha. "Hata huku," akasema, "umelipwa leo kwa miguu yako ya kesho." Sikumwonea wivu tena, ila nilitamani ile karatasi. Yeye alijua anadaiwa nini na mpaka lini. Mimi nilikaa kiti cha kushoto miaka miwili na miezi mitatu bila kujua kama ni shule au ni kifungo, kwa sababu ilitegemea moyo wa mtu mmoja, na moyo huo ungeweza kuwa mwingine. Najua vijana waliokaa utingo miaka sita chini ya dereva asiyetaka mpinzani. Najua waliofundishwa jambo moja tu, lile la madumu na mpira.

Kwa hiyo nilipompigia mpwa wangu sikumsifia maisha ya zamani. Nilimwambia kwanza kwamba leseni yake ya daraja D haimruhusu kuendesha semi, anahitaji E, na asimwamini yeyote anayemwambia herufi si kitu. Nikamwambia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kina kozi ya madereva wa magari makubwa, na kwamba ni ya kulipia, kwa i. Nikamwambia akisikia kampuni inafundisha, aende na macho: aombe kuona gari la kujifunzia, aulize jina la atakayekaa naye, aulize dizeli inatoka mfukoni kwa nani, na akiombwa pesa ya fomu ageuze.

Akanyamaza. Halafu: "Kwa hiyo mjomba, unaniambia nikae utingo?"

Foleni ikasogea. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kifunguliwe Oktoba 2019 mtu angetegemea mambo yaende haraka kuliko enzi zetu, lakini kuna siku bado unaweza kumfundisha mtu biashara nzima kabla hujafika getini. Nilisogeza gari mita 40, nikazima, nikampigia tena. Nikamwambia asubiri, nina neno la kuongea na tajiri.

Nimemwendea tajiri wangu na maombi mawili, nikayaandika kwenye karatasi ili yasipotee kwenye salamu. La kwanza, mpwa wangu akae kiti cha kushoto cha gari langu na posho yake ya kila safari itoke ofisini, isitoke kwenye mileji yangu. La pili, iandikwe tarehe ambayo atajaribiwa kwenye usukani, uwanjani, gari likiwa tupu, na akifaulu agharamiwe kutafuta daraja E kwa makubaliano ya muda atakaoitumikia kampuni. Nilimweleza kwamba analipia madereva wapya hata sasa, kwenye klachi zinazoungua mikononi mwa deiwaka ambao hakuna anayejua walijifunzia wapi, isipokuwa bili hiyo inakuja imeandikwa matengenezo.

Tajiri aliisoma karatasi mpaka mwisho, jambo ambalo halifanyi kila siku. Akasema posho, sawa. Tarehe, atafikiria.

Leo ni siku ya 12 anafikiria.