Baridi ya Juni, vifaranga na jiko la mkaa

Mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mtu hahitaji kalenda kujua kwamba Juni imeingia. Asubuhi ukungu unalala juu ya mboga, na siku nyingine umande wa mabondeni unaganda ukaonekana kama chumvi iliyomwagwa. Mahindi yamekauka shambani yakisubiri kuvunwa. Ukipita mtaani jioni utaona majiko ya mkaa milangoni, na watu wenye makoti wameyazunguka.

Bibi mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi pembezoni mwa mji huo, anayapenda majira haya kuliko yote. Mvua zimekwisha, njia hazina tope, na jembe linapumzika kidogo. Nyuma ya nyumba ana figiri, kabichi na njegere. Bondeni ana kinyungu kidogo ambako maji hayakauki. Kuku wake wa kienyeji, 20 hivi, huwachanja mdondo mwenyewe kila baada ya miezi mitatu, tone moja kwenye jicho moja, na tarehe anaziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa banda. Ualimu haumtoki mtu.

Mwaka jana shule zilipofungwa alipokea mgeni, mjukuu wake wa miaka tisa kutoka Dar es Salaam, aliyeshuka kwenye basi na sweta moja jepesi. Siku ya kwanza mtoto aligoma kuoga. Siku ya pili aliuliza ni nani aliyeacha friji wazi. Siku ya tatu alikuwa ameshajua kila tetea anataga wapi na yupi anadonoa.

Jumapili, baada ya ibada, walitembea hadi maporomoko ya Luhuji wakiwa na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko. Bibi alipumzika njiani mara tatu.

“Magoti haya, mke mwenzangu, ni ya serikali iliyopita,” alimwambia mjukuu wake.

Wakiwa wamekaa pale kwenye jiwe alimsimulia habari za Nyumbanitu, msitu wa asili unaoheshimiwa na Wabena, ambamo inasemwa wanaishi kuku weusi wasiofugwa na mtu. Mtoto alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza nani anawachanja. Bibi hakuwa na jibu.

Waliporudi walikuta manyoya nje ya banda. Kicheche alikuwa amemchukua tetea mmoja na kuacha vifaranga wake 11, wa wiki moja tu.

Kifaranga wa umri huo hawezi kujitunzia joto. Mbawa za mama yake ndizo blanketi. Bibi aliwaweka kwenye boksi lenye maranda ya fundi seremala, akaliingiza chumbani alikolala na mjukuu wake. Usiku ulipozidi baridi akaleta na jiko. Hakuwa mzembe. Alilisubiri nje hadi moshi ukaisha na mkaa wote ukawa mwekundu, ndipo akaliingiza. Akafunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Tumezoea kuuogopa moshi, na ukiisha tunaona hatari imekwisha. Lakini mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na isiyowasha macho. Ikivutwa inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, na inang'ang'ania pale kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua kama kawaida huku mwili wake unakosa hewa. Kichwa kinauma, kinafuata kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, na mgonjwa anadhani ni malaria au chakula cha jioni. Aliyelala huenda asihisi lolote, na asiamke.

Kilichowaokoa wawili hawa ni chai. Mtoto alikuwa amekunywa vikombe viwili, na usiku wa manane akabanwa na mkojo. Aliposimama miguu ilimkatika, akaanguka juu ya boksi.

Bibi aliamka akidhani presha imempanda, maana kichwa kilikuwa kinagonga. Mtoto akatapika. Ila kilichomshtua zaidi ni kimya. Boksi lilikuwa limegongwa na hakuna kifaranga aliyelia. Akajiburuta hadi mlangoni, akavuta gunia, akamtoa mtoto barazani kwenye ile baridi aliyokuwa akiikimbia, na kumwita jirani. Bajaji iliwafikisha hospitali, wakawekewa oksijeni, na kesho yake alasiri wakaruhusiwa.

Vifaranga saba walikuwa wamekufa. Ndege huwahi kudhurika na hewa hiyo kuliko binadamu. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka nao migodini kama kengele ya hatari, na desturi hiyo iliachwa mwaka 1986 tu.

Kisha ikaja simu. Bibi anakiri kwamba alifikiria kumwambia mkwewe kuwa mtoto ana mafua, na mafua kweli alikuwa nayo. Lakini mtoto mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, akimtazama. Akapiga, akaeleza yote, hata gunia. Mkwe alilia, akataka mtoto apandishwe basi la alfajiri. Mwanawe akachukua simu, hakusema neno kwa muda mrefu. Mazungumzo yalichukua siku mbili, na ndani yake yalisemwa maneno ambayo bibi hapendi kuyarudia. Mwishowe mtoto akabaki, kwa sharti kwamba jiko lisivuke kizingiti. Kila saa mbili usiku mkwe alipiga simu ya video, na kabla ya salamu kwisha aliomba aonyeshwe jiko liko wapi. Mwalimu wa miaka mingi, akikaguliwa na mkwe! Alilionyesha kila siku, uani, limezimwa.

Vifaranga wanne waliobaki walilelewa jikoni kwa chupa za maji ya moto zilizovishwa soksi za mtoto. Bibi aliamka saa saba na saa kumi kubadilisha maji. Mjukuu alilala na sweta mbili na soksi za bibi yake.

Mmoja wa wale wanne amekuwa jogoo, mweusi tititi. Kila mtoto anapopiga simu kutoka Dar anauliza kama bado yupo, au ameshahamia Nyumbanitu.