Sherehe Niliyoshiriki Ugenini

Ndugu mtahiniwa, methali isemayo "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho" umeijua tangu shule ya msingi, na bila shaka umeshaitia katika insha zaidi ya mara moja. Nami niliitia sana. Lakini hakuna mwalimu aliyeniuliza jicho hilo lifumbwe mpaka lini, wala kama yapo mambo ambayo mgeni ana haki ya kuyatazama kwa macho yote mawili. Swali hilo nilikutana nalo Ujerumani, katika mji wa Bonn, nikiwa na umri wa miaka ishirini.

Nilikwenda huko kwa mwaka mmoja kukaa na familia, kuwalea watoto wao wawili na kujifunza Kijerumani. Bonn ni mji ulio kando ya mto Rhine, na ulikuwa makao makuu ya Ujerumani Magharibi tangu 1949 hadi nchi ilipoungana mwaka 1990. Bibi yangu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, aliujua mji huo kabla yangu, kwa kuwa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle hutangaza kutoka huko na redio yake haizimwi.

Mwishoni mwa Oktoba yule mtoto mkubwa, wa miaka mitano, alirudi kutoka chekechea akidai tutengeneze taa. Tulikata karatasi ngumu kwa umbo la samaki, tukabandika karatasi nyembamba za rangi zinazopitisha mwanga, tukaning'iniza ndani kitaa cha betri, kisha tukaifunga kwenye kijiti. Nilimchorea magamba. Alipoona imependeza, akaniamuru nitengeneze na yangu, maana tarehe 11 Novemba tungetembea pamoja. Hapo ndipo nilipouliza: kuna nini siku hiyo?

Nikaambiwa ni siku ya Mtakatifu Martin, askari wa Dola ya Kirumi wa karne ya nne. Inasimuliwa kwamba wakati wa baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens nchini Ufaransa, alimkuta maskini aliye karibu uchi, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Baadaye akawa askofu wa Tours, na tarehe 11 Novemba 397 ndiyo aliyozikwa.

Sasa fikiri nawe. Mimi ni Mwislamu, na baba yangu husomesha chuoni kijijini kwetu. Nikimkatalia mtoto, nitamweleza nini akaelewa? Nikikubali, picha itafika Makunduchi kabla taa haijazimwa. Nikapiga simu nyumbani.

Aliyepokea ni bibi. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nimeusahau Mwaka Kogwa. Ningeusahau vipi! Kila Julai wanaume hupigana kwa migomba mpaka hasira za mwaka mzima ziwatoke, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake hupita wakiimba. Siku hiyo kwetu ni nuksi nyumba kukosa mgeni, kwa hiyo hata Mzungu aliyepotea njia atavutwa mkono akale. "Wanakula, wanacheka, wanarudi kwao na dini zao," bibi alisema. "Wewe umekwenda kujifungia chumbani?"

Baba hakuridhika. Alichukua simu akasema, "Mwanangu, ile ni mila. Hiyo yao ni dini." Tafadhali usiipite hoja hii haraka ukidhani baba alikuwa mkali tu. Mpaka kati ya mila na dini hauchorwi kwa rula. Hata Mwaka Kogwa wenyewe, ambao asili yake ni mwaka mpya wa Kiajemi, wapo kwetu wanaoutilia shaka. Nilimwambia nitabeba taa lakini sitaingia kwenye ibada. Hakujibu. Alimrudishia bibi simu.

Siku ilipofika, saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshatanda. Ibada fupi ilitangulia kanisani. Mimi nilisubiri nje pamoja na mama mmoja wa Kituruki ambaye mwanawe alikuwa amebeba taa ya umbo la bundi. Tukapeana karanga. Milango ilipofunguliwa, taa zikamiminika: nyota, nyumba, vipepeo, samaki wetu. Mbele alikwenda mpanda farasi mwenye joho jekundu na kofia ya chuma, nyuma yake bendi ya tarumbeta, na watoto wakaimba barabara nzima. Baridi ilinikata masikio. Uwanjani uliwashwa moto mkubwa, nami nikanusa moshi kama wa makuti ya kwetu, ingawa zilikuwa kuni tu. Tulipewa mikate mitamu yenye umbo la mtu anayevuta kiko, kisha watoto wakaenda mlango kwa mlango kuimba na kupewa peremende. Bibi kizee mmoja alinitia chenza mkononi bila kuniuliza natoka wapi, na nakuambia kweli, katika miezi mitatu ya kukaa pale huyo alikuwa wa kwanza kutoniuliza.

Baba alikaa wiki mbili bila kunipigia. Alipopiga, hatukuzungumzia hukumu. Aliniuliza kwa nini yule askari hakulitoa joho zima. Nikamjibu nilivyosimuliwa, kwamba nusu ilikuwa mali ya jeshi na asingeweza kugawa kisicho chake. Baba akanyamaza kidogo, kisha akauliza farasi alikuwa wa rangi gani.

"Mweupe, baba," nikamwambia.