Nyayo za Ndovu Chini ya Mlima Sagalla

Mtu atokaye Voi kwenda kusini huuona mlima Sagalla mbele yake, na chini yake mashamba ya mahindi na kunde yaliyozungukwa na vichaka vya nyika. Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, iko karibu, nao ndovu hawajui mpaka.

Asubuhi moja nalifika huko kwa jamaa yangu, nikakuta mahindi yake yamelazwa chini. Watoto wa mji ule hupita kichakani kwenda shule, nao walikuwa wakingoja kuambiwa waende au wakae. Katika udongo mwekundu nikaona nyayo za ndovu mmoja tu. Nikasema, "Ni dume. Amekwisha kwenda zake."

Jirani yetu, mzee aliyezifuata nyayo tangu ujana wake, akanijibu, "Usiseme upesi, mwanangu. Tupime kwanza."

Akanionyesha kwamba unyayo wa mbele ni wa mviringo, na wa nyuma ni mwembamba na mrefu kidogo. Akatwaa kamba ya katani akauzungushia unyayo wa mbele. Ilitimia kama sentimeta 120. Ukikizidisha kipimo hicho mara mbili, wapata kwa kukadiria kimo cha ndovu mpaka begani; basi huyu alikuwa na kimo cha sentimeta 240 hivi. Dume aliyekomaa hupita mita 3, na unyayo wake huzunguka sentimeta 150 au zaidi.

"Basi ni jike, Mzee?" nikauliza.

"Kamba haijasema hivyo. Dume kijana naye ana mguu kama huu. Tuwatafute wenziwe."

Maana jike hukaa na mama yake, dada zake na watoto wao maisha yake yote, lakini dume huiacha jamaa yake apatapo umri wa miaka 10 hadi 15, akatembea peke yake au na madume wenziwe. Tukafuata nyayo taratibu. Penye mchanga tukakuta nyayo nyingine kubwa, na kati yake vijiduara vidogo kama midomo ya bakuli. Alikuwa mtoto ambaye bado aweza kupita chini ya tumbo la mama yake. Kingo za nyayo zilikuwa kali, wala mdudu hajapita juu yake, na zote zilielekea kichakani.

Watoto wakapelekwa shule kwa barabara kuu, ijapokuwa ni mbali. Kabla ya adhuhuri tukasikia matawi yakivunjika palepale njia yao ipitapo.

Mzee akaniusia jambo moja zaidi. Ukiona matone ya mkojo yamefuatana njiani kati ya nyayo kubwa, na harufu yake ni kali, huyo ni dume aliye katika majira ya kutafuta majike, naye ni mwepesi wa hasira. Wataalamu waliochunguza ndovu wa Amboseli waliiandika habari hiyo mwaka 1981.

Basi, msomaji, ndovu akiingia shambani mwako, usizifute nyayo kwa jembe. Zipime, uzihesabu, uangalie zaelekea wapi, kisha uwaarifu askari wa wanyamapori. Na kabla hujajua ni dume au ni mama mwenye mtoto, usimruhusu mtu kuingia kichakani.