Hoteli Ndani ya Hoteli: Chakula cha Mchana Kwenye Bistro ya Kifaransa, Dubai

Sisi watu wa Mombasa neno "hoteli" tuna matumizi yetu. Hoteli ni pale unapokunywa chai na mahamri asubuhi, au maharagwe na chapati mchana, na hakuna anayelala hapo. Kwa hiyo nilipomwambia Baba kwenye simu kwamba akija Dubai nitampeleka kula kwenye bistro ya Kifaransa iliyo ndani ya hoteli, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Hoteli ndani ya hoteli?" Ndivyo hasa.

Kuna sababu ya mikahawa hii kujificha humo. Kwa miaka mingi leseni ya kuuza pombe Dubai imekuwa ikitolewa zaidi kwa hoteli na vilabu, na Mfaransa hawezi kufungua bistro isiyo na divai. Siku hizi yapo maeneo mengine yanayoruhusiwa, lakini bado bistro nyingi utazikuta ukishapita mlango mkubwa wa hoteli, mapokezi, maua yaliyopangwa na lifti. Wengi wetu hatuvuki mlango ule. Tunaishi hapa miaka mitano, kumi, tunalinda milango hiyohiyo, tunafua mashuka ya ndani yake, tunawapeleka wageni wake uwanja wa ndege, lakini kuingia kama mteja tunaona si mahali petu. Kuingia hakuna kiingilio. Bawabu hakuulizi unafanya kazi wapi. Vaa viatu vya kufunika vidole, taja mkahawa unaokwenda, utaonyeshwa njia.

Kwa Baba jambo hili lilikuwa na uzito wake. Alifanya kazi katika majiko ya hoteli za kitalii pwani ya kaskazini ya Mombasa kwa miaka 27. Alianza mwaka 1979 kwa kusugua masufuria na akastaafu akiwa mpishi wa michuzi. Alipika chakula cha Kifaransa maisha yake yote ya kazi kwa Wajerumani, Waitaliano na Waingereza, na hata siku moja hakukilia mezani. Wafanyakazi waliingia kwa lango la nyuma, wakala ugali na maharagwe kwenye chumba chao, na jioni mifuko yao ilipekuliwa wakitoka. Kule ukumbini penye vitambaa vyeupe aliingia mara moja moja tu, amevaa kofia ndefu, kukata nyama mbele ya wageni. Nilitaka akae kwenye kiti, basi. Hofu yangu ilikuwa kwamba angekataa, au angekubali kwa ajili yangu tu na kula kwa kujikunyata.

Tulipanda metro kutoka Deira, laini nyekundu, safari ya chini ya saa moja hadi upande wa Marina. Njiani nilimsomea niliyoyasoma kuhusu neno bistro. Wengi husimulia kwamba askari wa Kirusi waliokuwa Paris mwaka 1814 walikuwa wakipiga kelele "bistro, bistro", yaani haraka, ili waletewe vinywaji. Wataalamu wa lugha hawaisadiki hadithi hiyo, kwa sababu neno lenyewe linaonekana kwenye maandishi ya Kifaransa miaka ya 1880 tu, muda mrefu baada ya askari wale kuondoka. Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba sehemu nyingi za namna hii ziliwekwa na wahamiaji. Watu wa Auvergne, mkoa wa milima katikati ya Ufaransa, walikwenda Paris kutafuta riziki. Walibeba maji kupandisha ghorofani, wakauza kuni na makaa, kisha pembeni ya duka la makaa wakaweka meza na divai ya kupima, na mke akapika chungu kimoja cha siku. Baba alicheka. "Kumbe ni mama ntilie," akasema. Ni mama ntilie, naam, aliyehamia kwenye hoteli ya nyota tano.

Safari ya kutoka kwenye makaa hadi kwenye nyota ilipita pia mikononi mwa watu wa hoteli. Mwaka 1890 César Ritz na mpishi Auguste Escoffier waliingia hoteli ya Savoy, London, na kuanzia hapo hoteli kubwa za dunia zikataka jiko la Kifaransa. Escoffier, aliyewahi kupikia jeshi katika vita vya 1870, alilipanga jiko kama kikosi: huyu michuzi, huyu samaki, huyu kuchoma, huyu mikate tamu, na mkubwa mmoja anayeita oda. Mpango huo ndio uliofika hadi Mombasa. Baba hajui Kifaransa cha kuombea maji, lakini anataja majina ya michuzi kama mtu anayewaita wanawe.

Kwenye bistro tulipokewa na binti Mkenya, mwenyeji wa Nakuru. Alipotusikia tukizungumza aliacha Kiingereza papo hapo. "Karibuni. Shikamoo mzee." Baba akaitikia marahaba, na nikaona mabega yake yakishuka. Meza zilikuwa ndogo, zimekaribiana, na juu ya kitambaa pametandikwa karatasi. Makochi ya ngozi nyekundu ukutani, vioo vikubwa, ubao mweusi wenye vyakula vya siku vilivyoandikwa kwa chaki. Jiko lilikuwa wazi, wapishi wanaonekana hadi kiunoni. Nilimwambia abadilishe kiti aweze kuwatazama. Alikataa. "Niache niwape mgongo. Leo mimi mgeni."

Sasa menyu, na hapa ndipo Mwislamu anatakiwa kusoma taratibu. Hapa Dubai nyama ya ng'ombe na kuku inayoingizwa nchini hutakiwa iwe imechinjwa kihalali, kwa hiyo kwenye nyama yenyewe hofu ni ndogo. Tabu iko kwenye mapishi. Menyu za hoteli huweka herufi pembeni ya chakula: A ni chenye pombe, P ni nguruwe, N ni chenye njugu na jamii yake. Usitosheke na herufi, uliza pia. Kuku wa coq au vin na nyama ya bourguignon huwa ndani ya divai tangu mwanzo. Mchuzi wa pilipili manga wa steki mara nyingi hutiwa konyaki. Saladi ya Lyon huwa na vipande vya nguruwe. Na supu ya vitunguu, ambayo kila mtu huidhania haina neno, huwa na divai nyeupe au brandi.

Ile supu ndiyo niliyokuwa nimemkusudia. Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa akirudi nyumbani na harufu yake kwenye nguo, na Mama alikuwa akisema anaolewa na kitunguu kila siku. Kwa miaka yote ile Baba aliipika bila kuionja. Alikuwa akipima kwa pua na rangi, na chumvi akionjewa na mwenzake Mkristo, mtu wa Taita. Nilimwomba yule binti aulize kama inaweza kutolewa bila divai. Kabla hajageuka Baba akamzuia. "Usiwasumbue, mwanangu. Hiyo imepikwa tangu asubuhi, chungu kimoja." Akaenda kuuliza hata hivyo. Jibu lilikuwa hilohilo, neno kwa neno.

Nilivunjika moyo kuliko yeye. Yeye alikwisha kushika kalamu yangu na kuzungushia alama kwenye menyu, ile ya bei moja ya mchana, dirham 115 kwa vyakula viwili. (Wasomaji wetu wa Marekani waangalie: kwa Mfaransa "entrée" ni kianzio, si chakula kikuu kama mlivyozoea huko. Ukiagiza entrée peke yake utaondoka na njaa.) Aliagiza mayai ya mayonezi. Nilimwambia, Baba, umekuja mpaka Dubai kula yai la kuchemsha? Akasema mpishi hupimwa kwa yai.

Yakaja. Mayai mawili yaliyokatwa katikati na kulazwa kifudifudi, yamefunikwa mayonezi kama shuka, na majani machache ya kijani. Alikata moja, akakitazama kiini kama fundi saa. Kilikuwa kimeshika pembeni na katikati bado laini, rangi ya machungwa, bila ule mviringo wa kijani unaotokea yai likisahauliwa motoni. "Dakika tisa," akasema, "wakalitia kwenye maji ya barafu." Kisha akaichovya mayonezi kwa kipande cha mkate, akala, akatikisa kichwa. Haikutoka kwenye chupa, alisema. Kuna mtu amesimama akaipiga kwa mkono. Mkate wenyewe, ule mrefu wa Kifaransa, aliubonyeza na kusikiliza ganda likipasuka. Boflo letu la Mombasa, akasema, lina undugu na huu, ila limelelewa na mama laini.

Chakula kikuu tulichukua steki na chipsi, na siagi ya majani na limau juu yake badala ya mchuzi wa konyaki. Steki ya bistro si ile minofu ya bei kali. Ni sehemu za ng'ombe zenye nyuzi ndefu, tamu lakini zisizotaka kupikwa sana. Watu wetu wengi husema "ikauke kabisa" kwa kuogopa damu, na nyama ya namna hii ikikauka kabisa inakuwa soli ya ndara. Ule wekundu si damu. Damu hutoka wakati wa kuchinja. Ile ni maji ya nyama yenye protini nyekundu ya misuli. Ukiona vigumu, omba ya kati, "à point", ndiyo aliyoomba Baba kwa Kifaransa cha jikoni, na binti wa Nakuru akakiandika bila kumrekebisha. Chipsi zilikuwa nyembamba na za moto. Baba alisema zimekaangwa mara mbili, mara ya kwanza mafuta yakiwa ya upole. Kisu na uma alivitumia vizuri kunishinda.

Kumaliza tuligawana tarte Tatin, tofaa zilizopikwa ndani ya sukari iliyoungua, unga juu, kisha sinia hupinduliwa. Hiyo nayo inahusishwa na hoteli: dada wawili, Stéphanie na Caroline Tatin, walikuwa na hoteli yao mkabala na stesheni ya treni mjini Lamotte-Beuvron. Yetu ilikuwa tamu mno kwangu. Baba aliimaliza.

Bili ilikuja dirham 325: vyakula vya watu wawili, tarte, kahawa, na chupa ya maji ya dirham 28 ambayo Baba aliitazama muda mrefu kuliko nyama. Ukiulizwa maji ya kawaida au ya mapovu, uliza bei kwanza. Bei za hoteli hapa huwa zimeshabeba ada ya manispaa 7%, huduma 10%, na VAT 5% iliyoanza Januari 2018, kwa hiyo soma chini ya menyu kama vimo ndani au vinaongezwa. Ile 10% haina maana kwamba inaingia mfukoni mwa aliyekuhudumia, ndiyo maana bakshishi ni bora umpe mkononi. Baba alikwisha kupiga hesabu. "Zaidi ya elfu 11 za kwetu." Nilisubiri mawaidha. Akatoa dirham 50 mfukoni, alizopewa na dada yangu kwa safari, akampa binti na kumwambia nusu awape walio jikoni.

Sisemi muende kila mwezi. Kwa mshahara wa wengi wetu hii ni mara moja kwa mwaka, na ni ya mchana, kwa sababu usiku bei hupanda. Wanafunzi waende kwa menyu ya bei moja, bila chupa ya maji, na watashiba.

Supu tuliipata Ijumaa iliyofuata, jikoni kwangu Deira. Alinunua kilo mbili za vitunguu na mifupa ya ng'ombe. Mifupa aliichoma kwanza kwenye oveni, ndipo akaichemsha saa nne. Vitunguu alivikata vyembamba, akavitia kwenye siagi na chumvi, moto mdogo, na kwa zaidi ya saa nzima hakuniruhusu kuongeza moto wala kuondoka. Vilipofika rangi ya tende alikwangua chini ya sufuria kwa mchuzi wa mifupa, na mahali pa divai akaweka kijiko kimoja cha siki. Juu vipande vya mkate, jibini, kisha oveni mpaka ichemke pembeni mwa bakuli. Tulikuwa saba chumbani, wawili wamekaa juu ya kitanda. Yeye alionja wa kwanza, akiwa amekaa.

"Imepungua chumvi," akasema. "Yule Mtaita alikuwa mkono mzuri."

Mkate uwe wa jana. Wa leo huyeyuka.