Kabla hujasema lenzi imekufa

Wadau, kuna sentensi moja ambayo ukikaa Kasingirima hata wiki moja lazima uisikie: "Lenzi imekufa." Deki ikigoma kusoma CD, lenzi imekufa. Picha ikiganda katikati ya muziki wa Kikongo, lenzi imekufa. Deki ikizunguka, ikatulia, halafu ikaandika NO DISC wakati diski umeiweka kwa mkono wako mwenyewe, hukumu ni ile ile. Kinachofuata ni deki kupanda juu ya kabati, na CD kwenda kuninginizwa shambani kufukuza ndege.

Nimekuwa nikijiuliza, hivi hii lenzi inafanya kazi gani hasa hadi ibebeshwe lawama zote? Kazi yetu ya gazeti inatutaka tusikie upande wa pili kabla ya kuandika. Basi nikaamua kusikiliza upande wa deki. Nimesoma, nimekaa siku kadhaa barazani kwa fundi mmoja wa hapa Ujiji, na nimetazama deki ikifanya kazi mfuniko ukiwa wazi. (Ukijaribu na wewe, usichungulie kwenye lenzi. Leza ya CD ina mwanga wa nanomita 780, karibu hauonekani kabisa kwa macho, na huo ndio ubaya wake.)

Historia kwa kifupi. CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, baada ya kampuni za Philips na Sony kukubaliana namna ya kuitengeneza. VCD ikafuata mwaka 1993, diski ile ile ila imebebeshwa picha. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 2000 tunaijua VCD kwa kila kitu: filamu za Kanumba, filamu za nje zilizotiwa Kiswahili na akina Lufufu, kaswida, na zaidi ya yote, harusi. Siku hizi kila kitu kimehamia kwenye simu na flashi. Lakini harusi za miaka ile hazikuhama. Bado ziko ndani ya makasha ya plastiki, kwenye makabati.

Sasa tuingie ndani ya deki.

CD haina mfereji wa kushika sindano kama santuri za wazee wetu. Hakuna kinachogusana na kitu. Data ni vishimo vidogo sana vilivyopangwa kwenye mstari mmoja, unaoanza karibu na tundu la katikati na kujizungusha kwenda nje kama gamba la konokono. Ukiunyoosha mstari huo unazidi kilomita 5, yaani sehemu kubwa ya njia kutoka Ujiji kwenda Kigoma mjini. Kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata ni maikromita 1.6. Unywele wako mmoja ukiudondosha pale unafunika zaidi ya mizunguko 30.

Hilo peke yake si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba hakuna diski iliyo sawasawa. Tundu la katikati huwa limekaa pembeni kidogo, na kanuni za utengenezaji zinaruhusu lipotee kwa maikromita 70. Maana yake diski inapozunguka, mstari unayumba maikromita 140 kwenda na kurudi. Tuikuze hesabu hiyo mara milioni moja ili tuione. Fikiria njia za mguu zilizopangana, kila moja ina upana wa mita 1.6. Umeambiwa utembee juu ya moja tu bila kukanyaga ya jirani, na njia yako inahama mita 140 kulia na kushoto, mara 3 hadi 8 kila sekunde. Hapo bado diski haijapinda. Ikipinda, inapanda na kushuka pia, wakati lenzi inatakiwa ikae kwenye umbali sahihi kwa kukosea maikromita 1 au 2 tu.

Mimi nilidhani siri ni chuma kilichokazwa vizuri kisitikisike. Kumbe ni kinyume. Lenzi imening'inizwa kwenye nyaya nyembamba, inacheza cheza kabisa ukiigusa. Pembeni yake kuna koili na sumaku. Umeme ukipita huku lenzi inapanda au kushuka, ukipita kule inakwenda kulia au kushoto. Deki inapowashwa utaiona inainuka na kuinama kama mtu anayetafuta miwani. Inatafuta diski iko umbali gani.

Inajuaje? Mwanga ukirudi kutoka kwenye diski unaangukia kihisi kilichogawanywa vipande vinne. Umbali ukiwa sahihi, doa la mwanga ni la duara na vipande vyote vinapata sawa. Lenzi ikisogea karibu mno, doa linarefuka kama yai lililolala upande mmoja. Ikiwa mbali mno, yai linalala upande mwingine. Saketi inatoa hesabu, vipande viwili vya pembe hii ukitoa viwili vya pembe ile, na jibu ndilo kosa. Kosa hilo linageuzwa kuwa umeme na kupelekwa kwenye koili, lenzi inasogea, kosa linapimwa tena.

Kwa kulia na kushoto, deki nyingi za CD zinatumia madoa mawili madogo ya pembeni, moja limetangulia na jingine linafuata. Doa kuu likiwa katikati ya mstari, hayo mawili yanang'aa sawa. Moja likizidi mwenzake, ujue tumeanza kuacha njia. Lenzi ikishaegemea sana upande mmoja, mota ndogo inasukuma mkokoteni mzima wa lenzi hatua moja kwenye reli. Na mota inayozungusha diski nayo ina usimamizi wake: data zikija haraka mno inapunguza mwendo, ndiyo maana diski inazunguka kama mara 500 kwa dakika mwanzoni na kama mara 200 ikifika ukingoni.

Mfumo wa namna hii mafundi wanauita sevo. Neno lina asili ya Kilatini, maana yake mtumwa. Kwa mji kama Ujiji, ambao misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilikuwa inaanzia hapa kwenda Bagamoyo, neno hilo si jepesi. Lakini nadhani mtumwa si mfano mzuri. Mfano wetu upo ziwani. Mpiga kasia anayekwenda usiku kuifuata karabai ya wavuvi wa dagaa haoni mstari wowote majini. Anachoona ni kwamba taa imesogea kushoto kwake, basi anapiga kasia upande wa kulia. Ikisogea kulia, anapiga upande wa kushoto. Mtumbwi hauendi mnyoofu hata dakika moja, na unafika.

Deki ni hivyo hivyo. Haijui njia iko wapi. Inajua tu imeikosa kwa kiasi gani.

Na ukibonyeza wimbo wa saba? Mwanzoni mwa diski kuna orodha inayosema wimbo wa saba unaanza dakika ya ngapi. Deki inakisia umbali, inasukuma mkokoteni, na njiani inahesabu mistari inayovukwa kwa jinsi mwanga unavyometameta. Ikisimama haidai imefika. Inasoma anwani, kwa maana mstari wenyewe umeandikwa dakika na sekunde mara 75 kila sekunde, inajiona imepitiliza, inaruka kurudi nyuma kidogo, inasoma tena. Inakisia, inasoma, inajirekebisha. Ile sauti ya "krr, krr" unayoisikia kabla wimbo haujaanza ndiyo hiyo.

Turudi kwenye hukumu yetu. Ukishajua haya, unaona kwamba "lenzi imekufa" inaweza kuwa mambo mengi. Vumbi na moshi wa jikoni juu ya lenzi hupunguza mwanga, na mwanga ukipungua hata kosa halipimiki vizuri. Grisi ya reli ikikauka, lenzi nzima mkokoteni haufiki: diski inacheza vizuri nyimbo tano, ya sita inakwama. Mota ya diski ikichoka, inazunguka kwa kusuasua. Na mara nyingine deki ni nzima, mgonjwa ni diski.

Hapo ndipo mimi na bibi yangu tunapoingia. Bibi anaishi hapa Kasingirima na ana CD moja ya harusi ya shangazi yangu, mwaka 2008. Ndani yake marehemu babu anatoa nasaha kwa maharusi. Babu alifariki mwaka 2011. Picha zake tunazo. Sauti yake haipo mahali pengine popote duniani. Nilipomuuliza bibi kuhusu ile CD akanijibu kwa utani wake wa siku zote: "Mume wangu, lenzi imekufa. Mwenzako naye kafa, sasa mimi nifanyeje?"

Nikaipeleka deki pamoja na CD kwa yule fundi. Nilikuwa nimeshasoma kwamba kuna skrubu ndogo pembeni ya leza ya kuongeza nguvu, nikamwambia, "Mzee, si uikaze kidogo tu ile skrubu?" Akacheka. "Mwanangu, nikiikaza leo itasoma, utanisifu. Leza inayosukumwa inazeeka haraka, baada ya muda utarudi hapa na hakuna skrubu ya kukaza tena. Kwanza tujue anayeumwa nani."

Akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, akapaka reli grisi mpya. Kisha akaweka CD ya muziki ya kiwandani. Ikaimba mwanzo hadi mwisho. Akaweka ya harusi. Ikafika bibi harusi anapoingia ukumbini, ikaganda. Akarudia, ikaganda pale pale. Akaitoa, akaielekeza juani, akanionyesha ukingo: rangi ilikuwa imepauka. Miaka yote hiyo ilikaa dirishani.

Tofauti ni hii. CD ya kiwandani vishimo vyake vimegandamizwa kwenye plastiki. CD ya kuchoma, ambayo ndiyo wapiga video wote wa harusi walitumia, haina vishimo. Ina tabaka la rangi, na leza imeunguza alama kwenye rangi hiyo. Joto na jua vinaizeesha. Alama zikififia, mwanga unaorudi haueleweki, na deki inakuwa kama mpiga kasia aliyezimiwa karabai. Lenzi ilikuwa nzima. Kilichokuwa kinakufa ni babu.

Tulimaliza kwa kompyuta ya zamani yenye kisomeo cha CD. Visomeo vya kompyuta vinaweza kuzungusha diski kwa kasi inayokaribia mizunguko 10,000 kwa dakika, na kwa diski mbovu hiyo ni balaa, kwa hiyo tuliipunguza hadi mwendo wa chini kabisa. Hatukunakili faili kwa njia ya kawaida, kwa sababu kompyuta ikikutana na sehemu isiyosomeka inakata tamaa na kutupa kila kitu. Tulitumia programu inayoruka palipoharibika, inaendelea mbele, kisha inarudi kujaribu tena. Tuliiacha usiku kucha.

Tumepata nasaha karibu zote. Picha inakatika vipande vipande, sauti inapotea hapa na pale, na mwisho haupo: babu anasema "na wewe mwanangu," basi. Alichokuwa anataka kumwambia shangazi hatutakijua tena. Bibi alisikiliza kwenye simu yangu, kimya. Alipoomba nirudishe, hakutaka nasaha. Alitaka pale mwanzo kabisa, babu anapokohoa kabla ya kusema bismillahi.

Sasa wadau, naomba niseme ninachotaka kusema. Tunadhani kikitoweka kitu hapa kitakuwa deki, na kwamba siku tukitaka tutanunua nyingine. Deki inaweza kupatikana, kwa shida. Mafundi wanaojua kutofautisha deki mgonjwa na diski mgonjwa wanapungua, na yule wangu anasema kazi nyingi siku hizi ni vioo vya simu. Lakini diski ya kuchoma haimsubiri mtu. Kila mwaka inapauka, na sauti zilizomo, za mababu, za masheikh, za ngoma za mitaa yetu, nyingi hazina nakala.

Kwa hiyo kabla hujatoa hukumu, fanya haya. Jaribu deki kwa CD ya kiwandani na ya kuchoma, ujue nani anaumwa. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, mnyoofu. Usizungushe mkono, maana mkwaruzo unaofuata mstari unafuta data nyingi mfululizo, na deki inaweza kufidia pengo la milimita 2 na nusu hivi, si zaidi. Skrubu ya leza iache iwe dawa ya mwisho kabisa. Na ikisoma, hata kwa kukwama, usiseme "afadhali" ukairudisha kabatini. Inakili siku hiyo hiyo, iweke sehemu mbili, mpe na ndugu mwingine.

Haya, kapekueni makabati. Anzeni na zilizokaa dirishani.