Sahihi za Geneva na Tawi Letu la Kirungu

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa mtu wa jina. Ukiniuliza chama changu kinataka nini, nilikujibu kwa kumtaja kiongozi wetu. Nilivaa kitenge chenye picha yake, nilijua nyimbo zake zote, na wagombea wengine wa upinzani niliwahesabu kuwa wapinzani wangu kabla hata ya kuwafikiria waliokuwa madarakani. Leo siko hivyo. Naandika kueleza kilichonigeuza, kwa sababu 2028 haiko mbali na dalili za kurudia njia ileile zimeanza kuonekana.

Ninafundisha shule ya msingi hapa Kirungu, juu ya mlima, bandari ya Moba ikiwa chini yetu kando ya Ziwa Tanganyika. Wengi wanaijua Kirungu kwa ajili ya Kanisa. Hapa ndipo ilipokuwa misheni ya Baudouinville ya Mapadri Weupe, na hapa Stefano Kaoze alipewa upadre mwaka 1917, mwenyeji wa kwanza kuupata katika Kongo ya Wabelgiji. Lakini siasa nayo ni ya hapa tangu zamani. Wazee hawajasahau Novemba 1984, waasi wa Laurent-Désiré Kabila walipoiteka Moba kwa muda mfupi, wala hofu iliyokuja na wanajeshi wa Mobutu waliotumwa kuirudisha. Ndiyo maana mtu wa huku akichagua upande, anauchagua kwa moyo wote.

Upinzani uliingia nyumbani kwetu hasa mwaka 2015. Charles Mwando Nsimba, mwanasiasa mkubwa wa Moba, pamoja na viongozi wenzake wa vyama vilivyoitwa G7, waliandika barua kumwonya Rais Joseph Kabila juu ya kung'ang'ania madaraka, wakatolewa katika muungano wa serikali. Machi 2016 G7 ikamtangaza Moïse Katumbi kuwa mgombea wake. Desemba mwaka huohuo Mwando akafariki Ubelgiji. Baada yake kila chama cha upinzani kilichokuwa na tawi hapa kiliamini kwamba zamu ni yake.

Ili umwelewe mwananchi wa Kongo anapolilia umoja, lazima uijue sheria. Mwaka 2006 mgombea asiyepita nusu ya kura alirudi kwenye duru ya pili, kama walivyorudi Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Januari 2011 Katiba ikabadilishwa. Sasa duru ni moja, na anayewazidi wenzake ndiye rais, hata kama wengi hawakumchagua. Novemba ya mwaka huohuo Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, Étienne Tshisekedi akiwa na 32.33 na Vital Kamerhe 7.74. Tangu siku hiyo, kwa upinzani, kumchagua mgombea mmoja kabla ya uchaguzi ndiyo ile duru iliyofutwa. Isipofanyika kati yetu kwa hiari, haifanyiki popote.

Ndiyo sababu Jumapili ya Novemba 11, 2018 tulikaa karibu na redio. Viongozi saba walikuwa Geneva, wakisaidiwa na Taasisi ya Kofi Annan: Félix Tshisekedi, Kamerhe, Katumbi, Jean-Pierre Bemba, Adolphe Muzito, Freddy Matungulu na Martin Fayulu. Watatu kati yao, yaani Katumbi, Bemba na Muzito, hawakuwamo kwenye orodha ya wagombea. Wakapiga kura wenyewe kwa wenyewe, na jina lililotoka lilikuwa la Fayulu. Muungano ukaitwa Lamuka, maana yake amka. Kiongozi wangu alikuwa mmoja wa wale saba. Sikufurahi kwamba hakuwa yeye, ila nilisema moyoni kwamba walau tutapiga kura upande mmoja na shemeji yangu, ambaye chama chake nacho kilikuwa Geneva.

Kesho yake Tshisekedi na Kamerhe wakaondoa sahihi zao. Walisema wanachama wao wa chini wamekataa. Novemba 23 wakatia sahihi nyingine Nairobi: Tshisekedi agombee, Kamerhe amuunge mkono, na mwaka 2023 zamu iwe ya Kamerhe.

Huku juu mlimani mapatano hayo ya mbali yaligawa vyakula vya msiba. Sitii chumvi. Kulikuwa na kilio kwa jirani, na akina mama wa kambi mbili walipika kwenye masufuria tofauti kwa sababu hawakutaka kuchangia unga. Shemeji aliacha kupita kwangu. Desemba 12 msafara wa Fayulu ulipofika Kalemie kukatokea vurugu, na sisi huku tulitupiana lawama kana kwamba tulikuwapo. Watu waliokuwa na madai yaleyale, barabara, mshahara wa walimu, amani kati ya Watwa na Waluba, hawakusalimiana.

Kura zikapigwa Desemba 30. Januari 10, 2019 tume ya uchaguzi, CENI, ikamtangaza Tshisekedi kwa asilimia 38.57, Fayulu 34.83, na Emmanuel Ramazani Shadary, aliyeteuliwa na Kabila, 23.84. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000, walisema takwimu zao hazilingani na hizo. Ubishi huo haujaisha mpaka leo, na si mimi wa kuumaliza. Lakini chukua hesabu za CENI zenyewe, jumlisha kura za hawa wawili waliokaa meza moja Geneva: unapata asilimia 73.40. Nilifanya jumla hiyo ubaoni darasani jioni, watoto wameshaondoka, na hapo ndipo kitu kilivunjika ndani yangu. Karibu robo tatu ya wapiga kura walitaka jambo moja, na sisi tulikuwa tumeshindwa kupika sufuria moja ya ugali.

Kijana mmoja wa tawi letu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulipuuza. “Mama Mwalimu, walioondoa sahihi ndio walioingia ikulu. Sasa umoja una faida gani?”

Ni swali la haki, na nilichukua muda mrefu kulitafutia jibu. Jibu limo katika yaliyofuata. Rais mpya aliapishwa Januari 24, 2019 akiwa hana Bunge. Wabunge wengi mno walikuwa wa FCC, muungano wa Kabila, hata serikali ikachelewa hadi mwisho wa Agosti, na ilipotoka, mawaziri wengi walikuwa wa FCC. Hapa katika jimbo letu la Tanganyika wabunge wa jimbo walimchagua Zoé Kabila, ndugu yake Joseph, kuwa gavana. Na mapatano ya Nairobi? Kamerhe alikamatwa 2020, akahukumiwa kifungo, baadaye mahakama ikamfutia makosa. 2023 hakugombea, bali alimuunga mkono Tshisekedi. Sahihi iliyovunja sahihi nayo haikutimia. Kwa hiyo kijana nilimwambia: aliyeshinda akiwa peke yake alilazimika kutawala na wale aliotaka kuwaondoa, na wewe na mimi tulikaa karibu miaka miwili tukisubiri ugomvi wao uishe.

Watu hupenda kusema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi siuamini tena msemo huo ukitumiwa katika siasa. Kenya mwaka 1992 upinzani ulipogawanyika, Moi alibaki kwa asilimia 36 hivi ya kura. Oktoba 2002 Raila Odinga, naye akiwa anautaka urais, alisimama mbele ya umati Uhuru Park akasema “Kibaki tosha”, na Desemba wakashinda. Ni kweli mapatano yao ya kugawana madaraka yalivunjika baadaye, na Kenya ililipa kwa uchungu. Lakini angalia tofauti. Raila alilisema mbele ya watu wake, mchana kweupe, na watu wake wakalibeba. Viongozi wetu walikubaliana ng'ambo, kisha wakadai waliokataa ni sisi wa chini. Mimi ni wa chini. Hakuna aliyeniuliza.

Hesabu mahali upinzani wetu ulipokutana ng'ambo: Gorée mwaka 2015, Genval 2016, Geneva na Nairobi 2018, Pretoria 2023. Najua sababu zilikuwapo. Agosti 2018 Katumbi alizuiwa mpakani Kasumbalesa asiingie nchini mwake. Lakini kukutana ng'ambo kwa ajili ya usalama ni jambo moja, na kutowahi kuwauliza wanachama, kabla wala baada, ni jambo jingine.

Mabadiliko yangu yalikuwa ya vitendo. Mwaka 2022 tawi letu lilihitaji mwenyekiti mpya, na waliotaka kiti walikuwa wawili, fundi cherehani na mfanyabiashara wa samaki wa kule bandarini. Zamani ningempigia debe mmoja wao tangu asubuhi. Safari hii nilisimama nikaomba jambo moja kabla ya majina kutajwa: kila mmoja aseme mbele ya memba wote, mkewe na nduguze wakiwa wamekaa, akishindwa atafanya kazi gani. Mzee mmoja alikasirika. “Mwanangu, unawatabiria kushindwa?” Nikamjibu kwa heshima, “Baba, mmoja lazima atashindwa leo. Afadhali tujue jioni atakuwa wapi.”

Fundi cherehani akasema akishindwa ataandaa mashahidi wa chama kwenye vituo vya kura. Mfanyabiashara akasema atatoa boti yake. Kura zikapigwa kwa karatasi za daftari, zikahesabiwa mezani kila mtu akiona. Fundi alishindwa. Desemba 2023 mashahidi wetu walikuwa vituoni, na ni yeye aliyewapanga na kuwashonea vitambulisho vyao. Si jambo dogo. Orodha zetu za ubunge ni za wazi, mgombea huvutana kura na mwenzake wa chama kilekile, na matawi mengine niliyoyaona yalisambaratika kabla kampeni haijafika katikati.

Shemeji naye alirudi, na kilichomrudisha ni kwamba nilikwenda kumwomba chama chao kije kituangalie tukihesabu kura zetu. Aliketi kimya hadi mwisho. Wakati wa kuondoka akaniambia, “Shemeji, sisi hatujawahi kufanya hivi.”

Juu, kwa viongozi, hali haikubadilika. Novemba 2023 wajumbe wa wagombea walikutana Pretoria. Matata Ponyo, Seth Kikuni na baadaye Delly Sesanga wakamwachia Katumbi nafasi. Fayulu na Daktari Denis Mukwege wakaendelea kila mtu kivyake. Tshisekedi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 73, Katumbi 18, Fayulu kama tano. Kwa takwimu hizo hata wote wangeungana wasingefika, na sitaki kumdanganya mtu kwamba umoja peke yake unashinda uchaguzi. Lakini wangekuwa na shahidi katika kila kituo, na neno lao kuhusu matokeo lingekuwa moja.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa upinzani, wote bila kubagua, na kiongozi wangu ninayempenda bado akiwamo. Msingoje Novemba 2028. Waiteni wajumbe wa matawi kutoka kila jimbo, Moba nayo ikiwamo. Kubalianeni kwanza atakayeshindwa atafanya nini, myaseme hayo kwa sauti zenu wenyewe redioni, kwa Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo, kabla jina lolote halijapigiwa kura. Na wewe memba unayesoma, usimbebee mtu bendera mpaka akujibu swali hilo.